Kliniki, kundi la wazazi, mgeni wa nyumbani au simu: mzazi wa mtoto mwenye ulemavu Tanga ajifunzie wapi?

Mzazi akiambiwa hospitalini kwamba mwanawe ana mtindio wa ubongo (jeraha la ubongo linalokwamisha viungo), au usonji (autism), au mgongo wazi, huondoka na tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye daftari. Tarehe yenyewe mara nyingi ni mwezi ujao. Katikati hapo kuna kulisha, kuogesha, kubeba, kulaza, na kilio cha mtoto asiyeweza kusema wapi panamuuma. Kazi hiyo yote inamwangukia mtu ambaye hajafundishwa lolote. Kwa watoto wengi wa aina hii, anachokifanya mzazi nyumbani ndiyo sehemu kubwa ya matibabu, kwa hiyo kumfundisha mzazi ni kumtibu mtoto.

Mzazi wa Tanga mjini, awe wa Makorora, Mabawa au Pongwe, ana njia nne hivi za kufundishwa: kliniki ya hospitali, kundi la wazazi wenzake, mtu anayemfuata nyumbani, na simu yake mwenyewe. Naziweka bega kwa bega hapa, ila sitazipa nafasi sawa kwa sababu hazilingani. Msimamo wangu niuseme mapema: penye uchaguzi, nenda pale ambapo utamshika mwanao kwa mikono yako, na mtu anayejua akutazame na akusahihishe. Semina ya kukaa kwenye viti na kusikiliza, hata ikiwa na soda na nauli ya kurudi, itakuacha ulivyokuwa.

Kwanza, mahali ambapo hospitali haina mbadala

Kuna hali ambazo hazingojei kundi wala mgeni. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, ile wengi wanayoita miguu kifundo, anatakiwa kuanza kufungwa hogo mapema, wiki za mwanzo za maisha ikiwezekana. Kwa njia ya Ponseti, hogo hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, kisha watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino. Baada ya hapo huvaa viatu vilivyounganishwa na chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu hivi, na baadaye usiku tu mpaka afikishe miaka minne au mitano.

Hapo kwenye viatu ndipo mzazi anapotakiwa kufundishwa, na ndipo wengi wanapoachwa wakielea. Mtoto analia usiku, bibi anamwonea huruma, viatu vinavuliwa, na mguu unarudi ulikotoka. Kwa hiyo kliniki ikikukabidhi viatu, usiondoke kabla hujamvalisha mwenyewe mbele ya mtaalamu. Bibi anayelala na mtoto aende naye, aone.

Mtoto wa kichwa kikubwa, kile kinachojaa maji, aliyewekewa mpira wa kuyapitisha naye ni wa hospitali. Mzazi wake anatakiwa ajue kama anavyojua jina lake dalili za mpira kuziba: kutapika, homa, usingizi mzito usio wa kawaida, utosi kuvimba, macho kutazama chini. Mgongo wazi nao una mambo yake, hasa haja ndogo. Mtoto akihitaji kutolewa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku, muuguzi ndiye wa kumfundisha mama, na mama arudie mbele yake mpaka mkono uzoee. Kifafa vilevile: dawa ni ya kila siku na haikatwi ghafla. Degedege likimshika, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, na likipita dakika tano mkimbize hospitali.

Kwa haya yote mlango wa Tanga ni Bombo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Yakizidi uwezo, mzazi huandikiwa hospitali ya KCMC Moshi, au Dar es Salaam, ambako kuna MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, na hospitali ya CCBRT. Zote ni safari za mamia ya kilomita, na nauli yake pekee inaweza kumaliza akiba ya nyumba. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka kila safari irudi na ujuzi mikononi, mbali na cheti.

Kliniki na kundi, bega kwa bega

Hapa ndipo wazazi wengi huvutana, hasa wenye watoto wa mtindio wa ubongo, kwa hiyo nakaa hapa zaidi.

Kliniki ina ujuzi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anajua msuli upi unavuta, kiungo kipi kimeanza kukaza, na lini daktari wa mifupa aingie. Akimshika mtoto unaona palepale mwili unalegea. Shida yake ni muda. Chumba cha mazoezi kinahudumia wazee wa kiharusi na vijana waliovunjika kwenye bodaboda pamoja na mwanao, na zamu yake ikifika ni nusu saa, pengine pungufu. Wiki ina saa 168. Ondoa hiyo nusu saa. Zilizobaki mtoto anazitumia amelalaje, amekalishwaje, amebebwaje? Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, lakini misuli inayokaza huendelea kuvuta. Mtoto anayelazwa chali kutwa atakunjamana nyonga na magoti, hata kama kila Jumanne anapelekwa mazoezini.

Kundi la wazazi linazifanyia kazi saa hizo zilizobaki. Mfano ninaoupenda una historia yake: wazazi na wataalamu wa Eastern Cape, Afrika Kusini, waliandaa mafunzo yaitwayo Hambisela; baadaye chuo cha Uingereza cha London School of Hygiene & Tropical Medicine na wenzao wakayajenga upya wakifanya kazi na wazazi wa Bangladesh, na Uganda kukatokea toleo la watoto wachanga. Leo yanajulikana kwa jina la Ubuntu na mitaala yake iko wazi kutumiwa bure. Wazazi wachache hukutana na watoto wao na kupitia mada moja kila mara: hali yenyewe ni nini, kubeba na kukalisha, kula, mawasiliano, mchezo, kazi za kila siku, nafasi ya mtoto mtaani. Kinachoyatofautisha na semina ni kwamba mmoja wa wanaoongoza ni mzazi ambaye naye ana mtoto wa namna hiyo.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye somo la kula. Mama amekaa jamvini, mtoto amelala mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, uso unatazama dari. Uji ni mwepesi, kijiko ni kile kikubwa cha wali. Unaingia, mtoto anakohoa, macho yanatoka machozi, mama anasubiri kidogo kisha anaongeza kingine, maana akiacha mtoto atalala na njaa. Kiongozi wa kundi hamnyang'anyi kijiko. Anamwambia, "Hebu dada, tazama dari wewe mwenyewe, halafu umeze mate." Mama anajaribu na koo linagoma. Na wewe unayesoma, jaribu hapo ulipo.

Baada ya hapo hakuna haja ya hotuba. Mtoto anakalishwa wima, mgongo umeegemea kifua cha mama au kona ya ukuta yenye mito, kichwa kimeinama mbele kidogo. Uji unafanywa mzito kiasi. Kijiko kidogo kinakuja kutoka mbele, usawa wa mdomo wala si kutoka juu, na mama anangoja mtoto ameze kabla ya kingine. Chakula kinachopotea njia na kuingia mapafuni huleta nimonia, na nimonia huua watoto hawa. Mzazi aliyelielewa hilo kwa koo lake mwenyewe hatasahau, na atamfundisha shangazi mtu jioni ileile.

Kundi pia linabeba mzigo ambao kliniki haina nafasi nao. Mama anayeambiwa na mawifi kwamba ameleta mkosi, au kwamba mtoto ni wa jini, hawezi kulieleza hilo dirishani mwa hospitali huku foleni inamsukuma. Kwenye jamvi la wenzake atalisema, na atakuta watatu wameambiwa hivyohivyo. Sababu zikielezwa, kwamba mtoto alichelewa kulia alipozaliwa akakosa hewa, au alipata manjano kali ya utotoni, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani, lawama inakosa pa kukaa. Kuhusu kisomo na dua, sioni ugomvi wowote: mtoto asomewe na mazoezi yaendelee. Ugomvi wangu ni na yeyote anayemwambia mama aache dawa za kifafa.

Sasa udhaifu wa kundi, maana upo. Kundi halipimi mtoto. Kundi lisilo na mtaalamu anayepita mara kwa mara linaweza kugeuka mahali pa kupeana mafuta ya kuchua na habari za mtoto wa fulani aliyepona. Makundi mengine huishia kuwa vikoba tu. Vikoba ni jambo jema, na fedha zake zimelipa nauli nyingi za bajaji, lakini kama mikutano mitatu imepita bila mtoto hata mmoja kushikwa, hapo mnaweka akiba, hamjifunzi.

Na umbali. Mtoto wa miaka miwili anabebwa mgongoni kwenye daladala. Wa miaka tisa mwenye miguu iliyokakamaa habebeki hivyo. Ni bajaji ya kukodi, kwenda na kurudi. Ndiyo maana kundi dogo la mtaa wako, lenye wazazi wanne na mti wa kivuli, ni bora kuliko kundi mashuhuri la upande wa pili wa mji utakaloliacha mwezi wa tatu.

Ukinilazimisha nichague: kliniki kwa kupimwa, kwa mpango na kwa kurudi kila baada ya miezi kadhaa, kundi kwa maisha ya kila siku. Mzazi mwenye nauli ya safari moja tu kwa mwezi, na mtoto wake ameshapimwa wala hana degedege wala haonyeshi dalili mpya, namshauri aitumie kwenda kundini.

Anayekufuata nyumbani

Huduma ya utengamao katika jamii, yaani kumsaidia mwenye ulemavu aimarike hapohapo anapoishi, ilipata nguvu duniani baada ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi, kwa hoja kwamba wengi hawatafikiwa hospitalini. Wazo la mkufunzi wa nyumbani lina mizizi mingine pia: mwaka 1969, Portage, mji mdogo wa Wisconsin nchini Marekani, ulianza kutuma wakufunzi kila wiki kwenye nyumba za watoto wa vijijini, kila ziara ikiacha lengo moja dogo la wiki hiyo. Tanga si wageni wa kazi hii. YDCP, shirika la hapahapa mjini, limejengwa juu ya utengamao wa namna hiyo, na ukienda ofisi ya ustawi wa jamii ulizia pia ni wahudumu gani wa afya ngazi ya jamii wanaopita mtaani kwako.

Ubora wa mgeni huyu ni kwamba anaiona nyumba. Hospitalini hakuna anayejua kwamba mlango wako una ngazi mbili, kwamba choo ni cha shimo na kiko nje, kwamba mtoto analala kitanda kimoja na ndugu zake watatu. Mgeni anaona, na ushauri wake unafanana na hali yako. Kiti cha kona, kwa mfano, chenye mbao mbili zinazokutana nyuma ya mgongo, kipande cha kutenganisha miguu na meza mbele, anakichora na fundi seremala wa mtaani anakitengeneza kwa vipimo vya mtoto mwenyewe. Kisipowezekana cha mbao, kuna vya maboksi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga, vyepesi na imara.

Ubora wa pili: anawakuta watu wote. Mama akiwa sokoni, anayekaa na mtoto ni bibi, au dada wa kazi, au kaka wa darasa la tano. Hao ndio wanaomlisha mchana. Mafunzo yaliyomfikia mama peke yake yamefika nusu ya njia.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba ziara nyingi zina mfadhili nyuma yake, na mfadhili akiondoka pikipiki inaegeshwa. Halafu mzazi anabaki peke yake kwa maana nyingine pia: amejifunza vizuri, lakini hajamjua mzazi mwenzake hata mmoja. Wapo na wanaoona haya majirani wakiona mgeni wa ulemavu amesimama mlangoni. Haya hiyo hupungua mgeni akija kwa jina la mjomba au shangazi wa nyumba, bila kelele.

Kwa mtoto asiyeweza kutolewa nje, au mama mwenye mapacha wengine wachanga, hii inazipita zile njia nyingine tatu.

Simu

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye kuchelewa ukuaji na usonji, wa miaka miwili hadi tisa: vikao tisa vya kundi na ziara tatu za nyumbani. Tangu 2022 lipo toleo la mtandaoni la bure. Yaliyomo ni mazuri kwelikweli: namna ya kuingia kwenye mchezo wa mtoto badala ya kumvuta kwenye wako, kugawa kazi kama kunawa mikono katika hatua ndogondogo, kuelewa tabia ngumu inataka kusema nini, na mlezi kujitunza mwenyewe. Mzazi wa mtoto mwenye usonji anaweza kuanza hapo hata kesho.

Kwa mtindio wa ubongo, simu ni ya tahadhari. Simu haikuoni. Video ya kunyoosha miguu iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp haijui kwamba mwanao hajawahi kusimama na mifupa yake ni dhaifu. Ukivuta kwa nguvu inaweza kuvunjika. Igeuze kamera: mrekodi mtoto anapokula, anapolala, anapopata degedege, umwonyeshe mtaalamu siku ya kliniki. Dakika moja ya video inamweleza mengi ambayo wewe ungeyasahau mbele yake.

Vipi kuhusu kumpeleka shule?

Swali hili huja kila mara. Lushoto, pale Irente, kuna shule ya wasioona, na kuna shule ya Rainbow ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Na shule za msingi kadhaa za serikali zina vitengo maalumu. Mtoto ana haki ya shule, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto mwenye ulemavu kuwa anastahili uangalizi maalumu na fursa sawa ya elimu. Lakini shule haimwondolei mzazi haja ya kujifunza. Mtoto asiyeona aliyefundishwa kutembea kwa fimbo, akirudi likizo nyumba ikamshika mkono kila anapokwenda, anapoteza alichokuja nacho.

Kwa mtoto kiziwi jambo ni zito zaidi. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na mafunzo wanayohitaji wazazi hao ni lugha. Kliniki itapima masikio. Lugha ya alama utaipata kwa viziwi wenyewe, na pa kuanzia ni CHAVITA, chama chao. Usingoje afikie umri wa kuandikishwa darasa la kwanza. Mtoto anayekaa miaka sita bila lugha yoyote nyumbani amenyimwa kitu ambacho shule itahangaika sana kukirudisha.

Wazazi wa watoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi nao wana chama cha kitaifa, ASBAHT. Mzazi mpya akikutanishwa na mzazi ambaye mwanawe alifanyiwa upasuaji miaka kumi iliyopita na sasa anasoma, anaanza kuuliza maswali ya shule na ya choo badala ya kuuliza kama mtoto ataishi.

Kabla hujajiandikisha

Uliza kama mtoto anakuja na wewe kwenye mafunzo. Jibu likiwa hapana, uliza kwa nini. Uliza ni mtaalamu gani anayepita na mara ngapi. Uliza kama baba anaruhusiwa, na kama saa ya mkutano inamfaa. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi umeshamwambia baba asije. Uliza mradi unaisha lini na nini kitabaki. Anayekwambia ukweli kwamba unaisha mwakani, na kwamba wazazi wawili wa mtaa wenu wanaandaliwa kuongoza baada ya hapo, ni wa kuaminika kuliko anayeahidi kila kitu.

Kama mtaani kwenu hakuna kundi, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Yeye na mtendaji wanajua nyumba zenye watoto hawa kuliko unavyodhani, hata zile zinazowaficha. Mwombe mtoto wako aandikwe, kisha mwombe akukutanishe na wazazi wengine watatu. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuwaunganisha na mtaalamu wa mazoezi. Mkishajisajili kama kikundi, kumbukeni kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kina mama wanne wenye watoto wa mtindio wa ubongo wakiongeza wenzao ni kikundi cha wanawake kama kingine chochote, na wanaweza kuomba. Na biashara ndogo inayofanyika nyumbani, karibu na kiti cha mtoto, inamfaa mama huyu kuliko meza ya sokoni.